Gari la Michezo Lililoshushwa Kusini: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Anayeshusha gari la michezo na kuendelea kulitumia kila siku Mtwara au Lindi anataka mambo mawili yanayovutana: gari likae chini na lishike kona, na wakati huohuo livuke matuta, rasta (vituta vidogo vinavyofuatana), mashimo ya baada ya mvua na changarawe za mitaani bila kuumia. Mambo hayo yanaweza kukaa pamoja, lakini hayakai kwa bahati. Katika magari mengi yanayolalamikiwa baada ya kushushwa, yawe Altezza, Impreza, Mark X au Toyota 86, chanzo kimoja hujirudia chini ya dalili tofauti: nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka imeliwa karibu yote. Mwenye gari hulaumu ugumu wa springi, aina ya matairi au usukani, ilhali gurudumu halina pa kwenda. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na vipimo, kisha unaingia kwenye dalili.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kugusa nati yoyote

Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo unaotakiwa na tangi likiwa na mafuta nusu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, pande zote nne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililoisha au lenye upepo mdogo litakudanganya. Ikiwa gari bado halijashushwa, vipimo hivyo ndivyo msingi wa kila kitakachofuata. Ukifunga springi mpya bila kuwa navyo, hutajua tena gari limeshuka kiasi gani hasa, kwa kuwa milimita zilizoandikwa kwenye boksi zinahesabiwa kuanzia urefu wa gari likiwa jipya, wala si kuanzia ulipo urefu wa gari ambalo springi zake zimechoka kwa miaka mingi.

Kipimo cha pili ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na gharama yake ni kamba moja ya plastiki ya kufungia nyaya. Inua mpira wa kuzuia vumbi kwenye shokapu, futa fimbo yake kwa kitambaa laini, kisha funga kamba hiyo kuzunguka fimbo, iwe imekaza kiasi cha kutoanguka yenyewe lakini iweze kusukumwa kwa kidole. Isogeze hadi iguse mdomo wa shokapu gari likiwa limesimama, uweke alama ya mahali hapo, halafu endesha njia zako za kawaida, kwa mfano kutoka Shangani hadi Naliendele na kurudi, bila kubadili namna unavyoendesha. Kila shokapu inapobonyea, mdomo wake huisukuma kamba juu na kuiacha pale ilipofika mbali zaidi. Ukirudi utasoma mambo mawili: shokapu ilibonyea kiasi gani, na ilibakiza kiasi gani kabla ya kufika kwenye stopa, yaani ule mpira unaozuia shokapu kugonga mwisho wake. Kamba iliyobanwa juu kabisa, imejikunja au imekatika chini ya stopa, inaeleza ugonjwa wa gari hata kabla ya fundi kuliendesha.

Kipimo cha tatu ni cha macho. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, chungulia mkono wa chini wa mbele, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi, na ulinganishe kimo cha pale ulipofungwa kwenye chasisi na pale ilipo boljointi, kiungo chake cha upande wa gurudumu. Ikiwa ncha ya upande wa gurudumu iko juu kuliko ile ya upande wa chasisi, gari limeshuka kupita mpango wa maungo yake, na baadhi ya dalili zitakazoelezwa hapa haziwezi kuondoka kwa kubadilisha springi peke yake.

Gari linagonga kwenye matuta

Tenganisha kwanza aina mbili za kugonga, kwa sababu tiba zake hazifanani. Ya kwanza ni tumbo la gari kugusa tuta: sauti yake ni ya kukwaruza, hutokea gari likiwa katikati ya tuta kwa mwendo mdogo kabisa, na huacha michubuko inayong'aa kwenye bomba la moshi, kwenye kinga ya chini ya injini au, vibaya zaidi, kwenye sampu, yaani bakuli la oili ya injini. Ya pili ni shokapu kufika mwisho: sauti yake ni kishindo kimoja kizito kinachosikika ndani ya bodi, hutokea gurudumu linapotua baada ya tuta au linapotumbukia shimoni, na chini ya gari hukuti mchubuko wowote.

Kwa aina ya kwanza hakuna ujanja mwingine isipokuwa kulipandisha gari au kubadili njia. Inafaa kukumbuka kuwa vifaa vingi vya kushushia vinavyotufikia vimetengenezwa Japani, ambako kanuni za usalama wa magari zinataka chini ya gari kubaki na nafasi isiyopungua sentimita 9. Toyota 86 yenyewe ilitoka kiwandani kwa soko la Japani ikiwa na sentimita 13 tu. Kwa hiyo mtengenezaji anapokuambia kuwa kifaa chake kimeruhusiwa na sheria, anamaanisha sentimita 9 juu ya lami ya Japani. Pima tuta la mtaani kwako kwa rula na ubao ulionyooka, kisha uamue. Kwa maoni yangu, gari la kila siku linalokaa Mtwara Mjini na kwenda Lindi mara kwa mara lisishushwe zaidi ya milimita 25 kutoka urefu wa kiwandani, na kwa anayeingia mara nyingi kwenye njia za vumbi au anayekwenda Msimbati, hata milimita 25 ni nyingi.

Aina ya pili ndiyo inayowachanganya wengi. Chukua gari lenye shokapu ya wima inayobeba springi na gurudumu kwa pamoja, kama lilivyo Impreza upande wa mbele. Katika mpangilio huo shokapu husafiri karibu sawa na gurudumu. Ikiwa shokapu ya kiwandani ilikuwa na milimita 60 kabla ya kugusa stopa, springi inayoshusha gari milimita 40 inakubakizia milimita 20 tu. Gari linaegeshwa vizuri, linapendeza, lakini kila shimo linapigwa na stopa badala ya springi. Stopa ni ngumu mara nyingi zaidi ya springi, kwa hiyo dereva husikia gari gumu na kudhani springi ni ngumu, akaenda kununua laini zaidi. Springi laini hubonyea zaidi, hufika kwenye stopa mapema zaidi, na gari linazidi kuwa gumu. Hapa ndipo kile kipande cha kamba ya plastiki kinapookoa fedha.

Tiba yake inategemea ulichofunga. Kama ni springi fupi juu ya shokapu za kiwandani, tafuta springi zisizoshusha zaidi ya milimita 25, au shokapu zenye mwili mfupi zilizotengenezwa kwa ajili ya springi hizo. Baadhi ya seti za springi huja na maelekezo ya kufupisha stopa kwa kipimo maalumu, na maelekezo hayo yafuatwe kama yalivyo. Kuiondoa stopa yote ni kuikabidhi shokapu kwenye kifo cha mapema. Kama ni koilova, yaani shokapu na springi za seti moja zinazoweza kurekebishwa kimo, angalia namna inavyorekebishwa. Zile zinazoshushwa kwa kuzungusha pete ya springi peke yake hula safari ya kubonyea kila unaposhusha. Zile ambazo mguu wake wa chini unazunguka na kupanda kwenye nyuzi za mwili wa shokapu hushusha gari bila kugusa safari hiyo, na kwa barabara zetu ndizo ninazozipendekeza hata kama bei yake ni kubwa. Hata hizo zina mpaka, maana tairi huanza kugusa ndani ya madigadi.

Kuhusu kukata springi kwa msumeno au kuichoma moto ili ilale, jibu ni hapana. Springi iliyokatwa hukosa ncha inayokaa vizuri kwenye kikombe chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Springi iliyochomwa hupoteza ugumu iliyopewa kiwandani, tena bila usawa, kwa hiyo upande mmoja huendelea kulala wiki hadi wiki.

Gari linazama na kuwa gumu kwenye rasta

Dalili hii inastahili maelezo marefu kwa sababu rasta ziko karibu kila kijiji kilicho kando ya lami, na kwa sababu tiba inayofanywa mara nyingi ni kinyume cha inayotakiwa. Dereva anasema kuwa rasta ya kwanza na ya pili gari linazipita vizuri, kisha ghafla linakuwa kama halina springi kabisa, na usukani unatetemeka mpaka rasta ziishe. Anahitimisha kuwa shokapu ni laini, anageuza kitufe cha kurekebishia hadi mwisho wa ugumu, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kinachotokea ni hiki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari husogea karibu mita 14 kila sekunde, na rasta zikiwa zimepishana nusu mita, gurudumu hupigwa takribani mara 28 katika sekunde hiyo. Kila pigo hubonyeza springi, na kabla ya pigo linalofuata springi inapaswa kulirudisha gurudumu chini. Shokapu iliyokazwa sana upande wa kutanuka huizuia springi isirudi kwa wakati. Gurudumu linapokea pigo la pili likiwa bado liko juu kidogo, la tatu likiwa juu zaidi, na baada ya mapigo kadhaa gari linakuwa limeketi juu ya stopa zake. Dalili kwenye kamba ya plastiki haina shaka: kamba ya njia yenye matuta ya kawaida inakuwa na nafasi, na kamba ya kipande chenye rasta nyingi inakuwa imefika juu kabisa, ingawa rasta ni fupi kuliko tuta lolote.

Rekebisha kwa utaratibu. Geuza kitufe taratibu hadi mwisho wa ugumu, bila kulazimisha, kisha hesabu mibofyo ukirudi nyuma, kwa sababu mwisho wa ugumu ndio alama inayoaminika katika koilova nyingi. Anza katikati ya idadi yote. Chagua kipande kimoja cha barabara, kipite kwa mwendo mmoja unaoruhusiwa, kisha legeza mibofyo miwili mbele na nyuma, ukipite tena. Endelea mpaka gari lipite rasta bila kuzama, kisha kaza mbofyo mmoja mmoja hadi bodi itulie baada ya tuta moja kubwa. Andika idadi ya kila gurudumu. Ninasisitiza kuandika kwa sababu vitufe vya nyuma mara nyingi viko chini ya zulia la buti, na huwezi kuvikumbuka kwa kuvitazama.

Gari haliachi kudunda baada ya tuta

Hii ni kinyume cha dalili iliyopita. Baada ya tuta gari huendelea kupanda na kushuka kama dau lililopitiwa na wimbi, na kwenye mabonde ya lami kuelekea Mingoyo nyuma ya gari huinuka kila linapotoka bondeni. Chanzo ni shokapu zilizokufa, au shokapu za kiwandani zilizofungiwa springi ngumu kuliko uwezo wake wa kuizuia. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo huhitaji ukinzani zaidi upande wa kutanuka. Gari lililofungwa springi fupi juu ya shokapu zenye umri wa miaka 15 litadunda hata kama shokapu hizo hazivuji. Ikiwa fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya springi fupi na shokapu mpya, nunua shokapu mpya kwanza, uzifunge na springi za kiwandani, na uendelee kuweka akiba.

Kwa anayenunua shokapu za mtumba zinazotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 560, omba picha ya fimbo ikiwa imetoka yote. Mkwaruzo unaoshika ukucha utakata sili. Ukizipokea, zisimamishe wima, zibonyeze kwa uzito wa mwili mara kadhaa na uziachie: ukinzani uwe sawa safari nzima, bila kipande kinachoteleza bure, na jozi ya kushoto na kulia zifanane. Zenye gesi zitarudi juu zenyewe polepole. Isiyorudi imepoteza gesi yake.

Gari ni gumu kila mahali, hata kwenye lami nzuri

Ikiwa kamba inaonyesha kuwa stopa haijaguswa na shokapu zimelegezwa ipasavyo, sasa springi zinaweza kushtakiwa. Springi za Japani huandikwa kwa kilo kwa kila milimita, na mafundi husema springi ya kilo 4 au ya kilo 6. Tatizo ni kwamba kilo hizo haziwezi kulinganishwa kati ya gari na gari. Kinachobebwa na gurudumu ni ugumu wa springi mara mraba wa uwiano kati ya safari ya shokapu na safari ya gurudumu.

Mfano utaweka wazi. Springi ya kilo 6 ni sawa na niutoni 59 hivi kwa milimita. Kwenye shokapu ya wima yenye uwiano wa 0.95, gurudumu linapata niutoni 53. Kwenye gari lenye mikono miwili, juu na chini, kama Altezza, shokapu hufungwa katikati ya mkono. Ukichukua uwiano wa 0.7, springi ileile inalipa gurudumu niutoni 29 tu. Ikiwa kila kona inabeba kilo 300 za bodi, gari la kwanza litapanda na kushuka kwa kasi ya mizunguko 2.1 kwa sekunde, na la pili mizunguko 1.6. Magari ya kawaida ya barabarani hukaa kati ya 1 na 1.5, na gari la michezo la kila siku linavumilika hadi karibu 1.8. Kwa hiyo springi iliyo nzuri kwenye Altezza ya rafiki yako inaweza kukuchosha kwenye Impreza yako kabla hujafika Mikindani, na kosa si la springi.

Wengine hujaribu kulainisha au kukaza gari kwa kuzungusha pete ya springi. Pete hiyo haibadilishi ugumu wa springi iliyo sawa mwanzo hadi mwisho. Inabadilisha kimo, au mahali shokapu inapoanzia safari yake. Ibane kiasi cha springi kutocheza gurudumu linaponing'inia, usizidishe.

Matairi yanaliwa upande wa ndani

Hapa lawama hutupiwa mlalo wa gurudumu, yaani kemba, kwa sababu unaonekana kwa macho. Ni kweli kwamba gari likishushwa magurudumu huinamisha vichwa ndani. Lakini kemba ya digrii 1 hadi 1.5, ambayo inafaa kwa gari la aina hii, haili tairi kwa kasi inayolalamikiwa. Kinacholimaliza tairi haraka ni uelekeo: magurudumu yanapofungua pua nje, tairi huburutwa kando kila mita ya safari, na kemba huupeleka mburuto huo wote kwenye ukingo wa ndani. Kushusha gari hubadilisha kimo cha mikono na tairodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu), na kwa hiyo uelekeo hubadilika hata kama hakuna aliyeugusa. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja wa mpito unakwaruza kama meno na mwingine unateleza, chanzo ni uelekeo. Ikiwa tairi limeisha ndani lakini ni laini pande zote, kemba imezidi.

Mashine ya alaimenti ndiyo njia bora, na inatumika baada ya springi kukaa, yaani baada ya kuendesha kilomita mia chache. Pale isipopatikana, au ukitaka kuhakiki, kamba mbili zinatosha. Nyoosha usukani na uufunge usizunguke. Simamisha stendi mbele na nyuma ya gari, vuta kamba kila upande kwa kimo cha katikati ya magurudumu, na uhakikishe upana kati ya kamba hizo ni uleule mbele na nyuma, gari likiwa katikati. Usizisogeze mpaka zilingane na magurudumu, kwa sababu magari mengi yana upana tofauti wa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kisha pima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyohiyo. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na kamba, gurudumu linaelekea ndani. Wa nyuma ukiwa mbali zaidi, linafungua nje. Mbele lenga sifuri hadi milimita 1 kuelekea ndani kwa jumla ya magurudumu mawili, na nyuma milimita 1 hadi 2 kuelekea ndani. Nyuma isifungue nje kamwe, maana gari litatapatapa ukikanyaga breki kwenye lami yenye maji. Tairodi zizungushwe kwa kiasi sawa pande zote, la sivyo usukani utakaa upande.

Kemba hupimwa kwa timazi ya fundi mwashi inayoning'inizwa mbele ya rimu. Kwenye rimu ya inchi 17, kila milimita 8 za tofauti kati ya ukingo wa juu na wa chini ni karibu digrii 1.

Usukani unavutwa na barabara

Kwenye vipande ambavyo malori ya saruji, makaa ya mawe na korosho yamebonyeza lami na kuacha mifereji, tairi pana lenye ukuta mfupi hufuata mfereji na kuuvuta usukani. Kiasi fulani ni tabia ya tairi na hakiondoki. Kinachopita kiasi huwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni uelekeo wa nje, ulioelezwa hapo juu. Cha pili ni ile hali ya mkono wa chini kupanda kuelekea gurudumu. Katika hali hiyo tairodi na mkono havisafiri tena kwa upinde mmoja, kwa hiyo kila pua ya gari inapozama magurudumu hujigeuza yenyewe. Ijaribu kwenye bonde la lami unalolijua, barabara ikiwa tupu: shika usukani kwa wepesi bila kuuachia, na uangalie kama unanyakuliwa kila pua inaposhuka.

Hali hiyohiyo ina ubaya mwingine unaoshangaza. Katika magari yenye shokapu za wima, kulishusha gari sana hushusha kwa kasi zaidi kile kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona, kwa hiyo gari lililo chini zaidi linaweza kulala zaidi kuliko lilivyokuwa. Tiba ya kwanza ni kulipandisha gari hadi mkono wa chini ulale sawa au uteremke kidogo kuelekea gurudumu. Boljointi ndefu na ncha za tairodi zinazolingana nazo zipo kwa baadhi ya magari, lakini zifungwe kwa pamoja. Kubadilisha kimoja bila kingine ni kuhamisha tatizo.

Milio

Kugonga kwepesi kwenye kila kokoto kwa kawaida ni stabilaiza linki (kijiti kinachoshika stabilaiza, chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona) au nati ya juu ya shokapu iliyolegea. Mlio wa kukwaruza na kuruka unapozungusha usukani gari likiwa limesimama ni springi inayojipinda kwa sababu beringi ya mauntingi, yaani kishikio cha juu cha shokapu, imekwama. Mlio mmoja wa kugonga unaosikika gurudumu linapoachwa kuning'inia, kisha linapotua, ni springi inayocheza kwenye vikombe vyake. Kelele ya kusuguana inayokuja kwenye kona pekee, itafute kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, na pia kwenye stabilaiza, ambayo gari likishushwa huweza kukaribia drivushafti, mhimili unaozungusha gurudumu. Linki fupi zaidi huirudisha mahali pake.

Bushi zinachanika miezi michache baada ya ufungaji

Dalili hii husababishwa na hatua moja inayorukwa gereji. Bushi za mikono, yaani mipira ya kwenye maungio yake, zimegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na hujipinda kila mkono unapopanda na kushuka. Fundi akikaza bolti za mikono gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yakining'inia, gari likishushwa bushi zinabaki zimejipinda muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Zinachanika mapema, na kabla ya kuchanika hulifanya gari likae juu upande mmoja na kuwa gumu bila sababu inayoonekana. Legeza bolti hizo zote, shusha gari kwa magurudumu yake au inua kila kitovu cha gurudumu kwa jeki hadi kimo cha kuendeshea, ndipo uzikaze. Ukibadilisha kimo cha koilova kwa zaidi ya sentimita moja, rudia kazi hiyo.

Baada ya hapo, kama gari bado limelala upande kwa zaidi ya milimita 5, usikimbilie kupandisha kona moja. Kona moja ikipandishwa, huongeza mzigo pia kwenye kona iliyo mkabala wake kwa mshazari, na gari litafunga breki vibaya ingawa linaonekana limenyooka.

Pete za koilova zimeganda

Hewa ya chumvi ya Shangani, Mikindani na ufukwe wa Lindi Mjini, ikichanganyika na mchanga, hugandisha pete za alumini kwenye mwili wa shokapu ndani ya msimu mmoja. Usizigonge kwa patasi. Osha nyuzi kwa maji yasiyo na chumvi na brashi ya plastiki, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, rudia, kisha tumia spana yake maalumu ukianza kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ukimaliza, usipake grisi nzito, kwa maana hukamata mchanga na kugeuka msasa. Nta ya kupulizia inafaa zaidi. Kila unaporudi Msimbati au popote pa mchanga wa bahari, osha sehemu ya ndani ya madigadi siku hiyohiyo.

Taa

Gari lililoshuka mbele kuliko nyuma humulika karibu mno, na lililoshuka nyuma kuliko mbele huwapofusha wanaokuja. Lisimamishe mbele ya ukuta kwa umbali wa mita 5, mtu wa uzito wako akiwa kwenye kiti cha dereva. Kila taa iwe imepimwa kimo chake, na mstari wa juu wa mwanga wake mdogo uangukie ukutani sentimita 5 hivi chini ya kimo hicho. Kwa magari yenye taa zinazojipanga zenyewe, kagua pia kijiti cha kihisi kilichofungwa kwenye mkono wa nyuma, kwa sababu kushushwa kwa gari kumebadilisha pembe yake, na kukipinda kwa mkono si njia ya kukirekebisha; rekebisha nati ya kishikio chake.